Simu Feki Zilisema Kweli

Nina droo moja nyumbani ambayo mke wangu ameipa jina la makaburi. Humo mna simu saba zilizokufa, chaji zisizojulikana ni za nini, na betri moja iliyovimba kama andazi (ndiyo, najua ni hatari, nitaitoa). Jumapili iliyopita nilikuwa natafuta waya fulani nikakutana na simu ambayo si yangu. Ni ya shangazi yangu wa Mombasa. Usoni imeandikwa Nokia. Ina nafasi ya laini mbili, ina antena ya kuvuta ya kutazamia televisheni, na enzi zake spika yake ilisikika hadi kwa jirani. Wenye umri kama wangu mmeshajua: hiyo haikuwa Nokia. Ilikuwa feki, tena feki ya kujisifu.

Kwa hiyo leo sitaandika kuhusu programu wala seva. Leo ni historia kidogo, maana simu hii imenikumbusha swali ambalo vijana wa ofisini huniuliza kila tunapozungumzia soko la simu. Ilikuwaje nchi nzima iliyokuwa ikiapa kwa jina la Nokia ikahamia Tecno na ndugu zake kwa miaka michache tu? Jibu la haraka ni bei. Kila mtu husema bei. Mimi nasema bei ni nusu ya jibu, na nusu nyingine ilikuwa ndani ya simu ya shangazi tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba sisi tuliojiona wataalamu tulikuwa tunaicheka.

Tuanze mwanzo. Mwaka 2000 ndio mwaka ambao simu za mkononi zilianza kuwa mali ya mtu wa kawaida Kenya. Safaricom na KenCell zilianza kushindana mwaka huo, na kadi za kukwaruza zikaanza kuingia madukani. Mwaka huohuo Nokia ilitoa 3310. Mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani, na vibonye vyake vilifunikwa kwa mpira ili vumbi lisiingie. Duniani kote iliuzwa zaidi ya milioni 250. Sisi tuliita simu za aina hiyo mulika mwizi, na jina hilo linaeleza matumizi kuliko tangazo lolote.

Sasa angalia jambo hili. Nokia haikuwa peke yake wala haikuwa rahisi kuliko wote. Mwaka 2005 Motorola ilishinda zabuni ya chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, ya kutengeneza simu ya nchi zinazoendelea kwa bei ya chini ya dola 40. Motorola ndogo za miaka hiyo zilikuwa mikononi mwa watu wengi, hata mimi nilikuwa nayo. Lakini mtaani kwetu mtu alikuwa na Motorola huku akiweka akiba ya Nokia. Kama bei ingekuwa ndiyo kila kitu, mambo yasingekuwa hivyo.

Kwa nini Nokia? Nitakupa sababu zangu, na hakuna hata moja iliyotoka kwenye tangazo. Kwanza, kila fundi aliijua. Ukiangusha Nokia majini, fundi wa pale stendi aliifungua, akaianika, akakurudishia jioni. Pili, betri ya BL-5C iliingia kwenye modeli nyingi, hivyo betri ya simu yako iliyokufa ilifaa simu ya dada yako. Tatu, chaji. Ukienda kwa kinyozi, hotelini, kwa shemeji, ulikuwa huulizi kama wana chaji yako. Wanayo. Nne, ukitaka kuiuza, ilinunulika siku hiyohiyo. Kwa hiyo mtu aliposema anataka Nokia, alikuwa anasema anataka kitu ambacho hakitamwacha peke yake kikiharibika. Jina lilisimamia mambo ambayo mteja hawezi kuyaona akiwa amesimama mbele ya kaunta.

Sasa twende kwenye yale anayoyaona.

Kufikia mwisho wa 2008 tulikuwa na kampuni nne: Safaricom, Zain (iliyokuwa Celtel, iliyokuwa KenCell, na ambayo 2010 ikawa Airtel), Orange na yu. Kupiga ndani ya mtandao wako kulikuwa na bei yake, kupiga mtandao mwingine kulikuwa na bei nyingine ya kuumiza. M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, kwa hiyo laini ya Safaricom huwezi kuitupa, pesa zako ziko humo. Lakini ofa za usiku ziko kwa jirani. Tukafanya nini? Tukawa tunavua betri! Unazima simu, unafungua mgongo, unatoa betri, unabadilisha laini, unafunga, unawasha, unasubiri. Wengine walibeba simu mbili. Wakati wa vita vya bei vya Agosti 2010, Zain iliposhusha gharama hadi shilingi 3 kwa dakika kwa mitandao yote, laini ya pili ilikuwa karibu lazima.

Kuna ushahidi mmoja ninaoupenda. Aprili 2011 serikali ilianzisha utaratibu wa kuhama mtandao bila kubadilisha nambari. Wengi tulidhani watu watahama makundi kwa makundi. Hawakuhama. Waliotumia utaratibu huo walikuwa wachache sana. Wachambuzi walishangaa, lakini ungemuuliza muuza vitunguu yeyote angekuambia: kwa nini nihame nyumba wakati ninaweza kuwa na nyumba mbili? Watu hawakutaka kuchagua mtandao. Walitaka laini mbili katika simu moja.

Na Nokia hawakuwa nayo.

Nani alikuwa nayo? Hapa inabidi tusafiri hadi Shenzhen, kusini mwa China, kwa sababu simu ya shangazi ilitoka upande huo. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Taiwan iitwayo MediaTek ilianza kuuza chipu za simu pamoja na programu yake na mchoro wa jinsi ya kuziunganisha. Kabla ya hapo, kutengeneza simu kulihitaji jeshi la wahandisi. Baada ya hapo, kikundi kidogo chenye mtaji wa wastani kiliweza kununua chipu, kuchagua kasha, kuongeza spika na kutoa simu mpya kwa muda mfupi. Mwaka 2007 serikali ya China ikaondoa sharti la leseni ya kutengeneza simu, na mlango ukafunguka kabisa. Wachina waliziita bidhaa hizo shanzhai, yaani za ngome ya mlimani, mahali ambapo wanajificha wasiotii serikali. Zilijaa katika soko la Huaqiangbei, kisha zikapanda meli, na nyingine zikashukia Luthuli Avenue.

Watengenezaji hao hawakuwa na kiburi. Hawakuwa na jina la kulinda, kwa hiyo waliweka chochote ambacho mteja aliomba. Laini mbili? Weka. Tochi kubwa? Weka. Televisheni? Weka. Betri ya kukaa siku kadhaa? Weka. Halafu, kwa sababu mteja aliamini Nokia, wakaandika Nokia. Wengine waliandika Nokla, wakitumaini huna miwani.

Shangazi anauza matunda soko la Kongowea. Mwaka 2009, mwaka ambao bajeti ya Juni iliondoa kodi ya VAT kwenye simu na maduka ya simu yakachipuka kila kona, alijinunulia hiyo simu kwa jamaa mmoja mjini. Nilipokwenda likizo alinionyesha kwa fahari. Mimi, mtaalamu kutoka Nairobi, nikaigeuza mara mbili nikacheka.

“Shangazi, hii ni feki. Nokia hawatengenezi simu ya laini mbili.”

Akaichukua mkononi mwangu, akaifuta kwa leso. “Basi wana makosa, mwanangu. Wewe waona feki, mie naona laini mbili.”

Nililitumia jibu hilo kuchekesha watu ofisini mwaka mzima. Sikulielewa.

Mwaka 2010 nililipa ada ya kutolielewa. Chama cha shangazi, akina mama kumi na wanne, walikuwa wakigombana kuhusu nani amechanga na nani hajachanga. Nikajitolea kuwaandikia programu ndogo ya kuweka hesabu kwenye simu. Kabla ya kuanza niliuliza swali ambalo kila mwanaprogramu angeuliza: mna simu gani? Wakajibu kwa sauti moja: Nokia. Basi nikaandika kwa Java ya simu, nikatumia hata maktaba ya Nokia yenyewe ili skrini ipendeze. Niliijaribu kwenye 2700 yangu, ikaenda kama maji. Nilifanya kazi hiyo usiku kwa miezi miwili.

Nikaenda Mombasa na waya wangu na kompyuta yangu. Tukakaa kibarazani kwa shangazi. Simu kumi na nne. Tisa zilikuwa feki. Nne kati ya hizo hazikuwa na Java kabisa, ingawa kwenye menyu kulikuwa na picha ya Java (picha tu!). Nyingine zilikubali kuingiza programu kisha zikagoma kuiwasha, kwa sababu zilikosa ile maktaba ya Nokia. Moja ilijizima ikakataa kuwaka, nikaomba msamaha hadi leo. Mwisho wa siku tulirudi kwenye daftari, na baadaye nikawaandikia kitu kidogo cha meseji za kawaida, ambacho kilifanya kazi kwenye kila simu na kilinichukua siku nne.

Nilikasirika na akina mama wale kwa kuniambia Nokia. Lakini hawakunidanganya. Mimi niliuliza jina, wakanipa jina. Sikuuliza wanafanya nini na hizo simu, wamezipataje, na kwa nini wamezichagua. Ningeuliza hivyo ningejua kwamba tisa kati yao walikuwa wameamua jambo lilelile bila kushauriana: tunataka laini mbili, na tunataka ziandikwe jina tunaloliamini. Feki zilikuwa karatasi ya maombi, iliyojazwa na wateja wenyewe kwa pesa zao.

Je, Nokia waliisoma? Walisoma, ila taratibu. Juni 2010 walitangaza simu mpya za bei nafuu, na walizitangazia papa hapa Nairobi, pamoja na chaji ya baiskeli inayochaji simu ukipiga pedali. Mojawapo ilikuwa C1-00, ya laini mbili. Nilifurahi sana, hadi niliposoma maelezo. Laini mbili ndiyo, lakini moja tu ilikuwa hewani kwa wakati. Ukitaka nyingine unabonyeza kitufe kwa muda ibadilishe. Yaani walituondolea kazi ya kuvua betri, lakini ukiwa kwenye laini ya kwanza, mteja anayekupigia kwenye ya pili hakupati. Kwa muuza matunda huo ni mteja aliyekwenda meza ya jirani. Modeli ya kushika laini zote mbili kwa pamoja, C2-00, ilitangazwa wakati huohuo lakini ilichelewa kufika madukani.

Mwaka uliofuata mambo yakawa mengi kwa pamoja. Februari 2011 Nokia ikatangaza kwamba simu zake kubwa zitahamia Windows Phone ya Microsoft. Mwaka huohuo hapa kwetu Safaricom ilikuwa ikiuza Huawei IDEOS, simu ya Android, kwa takriban shilingi 8,000. Skrini ya inchi 2.8, kamera ya megapikseli 3.2, Android 2.2. Leo ungeicheka, lakini wengi waliigusa intaneti kamili kwa mara ya kwanza kwenye kile kioo kidogo. Na kwa sisi wanaprogramu ilikuwa habari kubwa: programu iliyoandikwa kwa Android haikujali sana jina lililo mgongoni. Ukuta ulionipiga kibarazani kwa shangazi ulianza kubomoka. Upande wa pili wa habari hiyo ni kwamba Nokia ilipoteza sababu moja zaidi ya kuchaguliwa.

Kisha ikaja usiku wa Septemba 30, 2012. Tume ya Mawasiliano, CCK, ilikuwa imeahirisha mara kadhaa, lakini safari hii kweli simu feki zilizimwa, karibu milioni 1.9. Jinsi ya kuzijua ilikuwa nambari ya IMEI, ile unayoiona ukibonyeza *#06#. Ina tarakimu 15. Nane za mwanzo zinasema ni modeli gani, na ya mwisho ni ya ukaguzi, inakokotolewa kutokana na zile kumi na nne. Feki nyingi zilikuwa na nambari za kubuni ambazo hazipo kwenye orodha yoyote. Nyingine zilinakili nambari ya simu halali, na hizo ni ngumu zaidi kuzinasa, kwa sababu hesabu yake inakubali.

Ya shangazi ilikuwa ya kubuni. Asubuhi ya Oktoba mosi alinipigia kwa simu ya jirani.

“Mwanangu, simu imekufa ikiwa hai. Yawaka, tochi yamulika, lakini haipigi.”

Sikucheka safari hiyo. Pesa aliyoinunulia ilikuwa faida ya matunda ya wiki nyingi, na aliyemuuzia hakuwepo tena pale alipokuwa. Nilimwambia anunue Nokia halisi, nikajitolea kuchangia. Akasema atafikiri. Wiki mbili baadaye alinipigia kwa simu yake mwenyewe, mpya, ya Tecno.

Nilihuzunika kidogo, nakiri. Niliona kama ametoka feki moja kwenda nyingine. Nilikosea tena. Tecno ni ya kampuni ya Transsion, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, mtu aliyekuwa amefanya kazi katika kampuni nyingine ya simu ya China, Ningbo Bird. Badala ya kupigana na wakubwa nyumbani kwao, walielekeza nguvu Afrika tangu 2008. Laini mbili waliweka tangu miaka ya mwanzo. Betri kubwa, spika kubwa, na baadaye kamera zilizorekebishwa ili uso mweusi usitoke kama kivuli. Yaani walichukua orodha ileile ya feki, kipengele kwa kipengele. Ila waliandika jina lao wenyewe, wakaweka nambari halali, na wakafungua vituo vya matengenezo vya Carlcare ili mtu awe na mahali pa kurudi simu ikiharibika. Nafikiri ule usiku wa kuzima simu uliwafaa sana: watu wengi kwa mara moja walihitaji simu ya laini mbili ambayo haitazimwa.

Mwaka 2014 Microsoft ilikamilisha kuinunua biashara ya simu ya Nokia. Mwaka 2018 Transsion, pamoja na Itel na Infinix zake, iliuza simu milioni 124, na mwaka 2019 ikaingia soko la hisa la Shanghai.

Kwa hiyo hili ndilo ninalolisema. Mteja hununua kwa macho kile anachokiona, na hununua kwa jina kile asichoweza kukiona. Nokia walikuwa na jina, wakachelewa kwenye kinachoonekana. Feki zilikuwa na kinachoonekana, jina zikaiba. Aliyeshinda ni aliyeunganisha vyote viwili.

Lakini ushindi huo si wa milele. Agosti 2020 watafiti wa kampuni ya Upstream walieleza kwamba simu kadhaa za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kama Ethiopia, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu haribifu tangu zikiwa mpya, zikiwaandikisha wenye simu huduma za kulipia bila wao kujua. Transsion ililaumu mmoja wa wasambazaji wake na kusema ilikwisha toa marekebisho. Hakuna shangazi anayeweza kuona jambo hilo mbele ya kaunta. Hapo ndipo jina hupimwa, na ndipo huanza kumomonyoka.

Siku hizi maswali yamebadilika. Mwaka 2020 ilianza mipango ya kulipa simu shilingi 20 kwa siku, na Oktoba 2023 kilifunguliwa kiwanda cha kuunganisha simu za 4G Athi River, nyingine wakati huo zikiwa chini ya shilingi 8,000. Kila mara ninapoona simu mpya ikitangazwa kwa ajili ya “mwananchi wa kawaida” hujiuliza kama kuna mtu alikwenda sokoni akatazama watu wameshika nini, au aliuliza tu jina kama nilivyouliza mimi.

Simu ya shangazi nimeirudisha kwenye droo baada ya kuichaji kwa dakika kumi. Amini usiamini, tochi bado inamulika.

Na wewe, simu yako ya kwanza ilikuwa gani, na ilikuwa ya kweli? Bonyeza *#06# kabla ya kujibu.